Mwaka Ulioharibu Picha

4 Februari

Dada,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana akiiona tu bahasha ataanza kukusumbua. Magoti yake vipi? Mwambie yale mazoezi ya kukunja na kukunjua si adhabu, ni yeye mwenyewe alikuwa akiwalazimisha wagonjwa wake enzi za uuguzi.

Mimi mzima. Hili tawi nililohamishiwa ni vyumba viwili juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira hupanda ngazi kabla ya wateja. Kutwa napokea fomu za wanachama wapya wa Mfuko wa Pensheni, naangalia kama wamesaini, nagonga muhuri. Feni ina kasi moja tu, nayo ni ya kupeperusha karatasi, kwa hiyo kila rundo la fomu nimelikalishia jiwe. Mhudumu wetu hunitania: "Mtaalamu wa makao makuu, leo mawe mangapi?" Nacheka naye. Nikifika nyumbani sicheki.

Nakuandikia kupitia duka lako la dawa, na simu sipigi, kwa sababu simu yako siku hizi ikilia shemeji ndiye anayesema "haloo". Sina la kuongea naye.

Jarida la Mfuko limetufikia. Ukurasa wa tatu, shemeji kashika tuzo ya kioo, kavaa ile tai uliyomnunulia, na chini wameandika: mbunifu wa modeli mpya ya kupima mitikisiko ya bei. Mbunifu! Nimeikata hiyo picha nikaibandika ukutani, usawa wa macho yangu. Kila nikigonga muhuri namtazama yeye.

Mpe hongera. Mwambie zimetoka kwangu, na ukimpa mwangalie usoni.

Ni mimi mdogo wako.


27 Februari

Kitinda,

Marahaba. Mama anakusalimu, mazoezi hafanyi, anasema wewe si daktari. Dukani tunashukuru Mungu, mafua yameingia mjini na dawa za kikohozi zinatoka kuliko maji.

Hongera zako nimefikisha. Akasema asante, akaomba chumvi. Nilimwangalia usoni kama ulivyotaka, nikaona mtu aliyechoka na kazi. Basi.

Sasa nisikilize, maana mimi ndiye niliyekubeba mgongoni na sitakuogopa ukubwani. Mume wangu alinieleza yote mwaka jana. Ulikosea hesabu, wakubwa wakataka kukuachisha kazi, naye akawaangukia wakuhamishe tu. Akaniomba nisikwambie kwamba najua, usije ukaona aibu. Nimeficha hilo mwaka mzima kwa heshima yako. Leo unamtundika mtu ukutani kama polisi anayesaka jambazi? Mtu aliyekuokoa?

Alichokupa usikitemee mate. Nunua feni nyingine, punguza hasira, na jarida hilo litumie kufungia karanga.

Nakupenda hata ukinuna.

Dada yako.


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikashuka ngazi nikazunguka duka la matairi mpaka muuzaji akaniuliza kama nina gari. Nimefurahi biashara inakwenda. Mama mwache, asifanye mazoezi asiyoyataka.

Sikukosea hesabu. Andika hilo mahali.

Nikueleze kwa lugha ya duka lako. Mgonjwa akija na cheti, huulizi tu kama dawa hii ni kali. Unauliza anameza nini kingine, kwa sababu dawa mbili salama zikikutana tumboni zinaweza kumuua. Fedha za wanachama ni hivyohivyo. Mfuko umeziweka kwenye hisa za mabenki, hisa za viwanda, hisa za kampuni za majengo na hati fungani za serikali. Kila moja bei yake huyumba kila siku, na huko kuyumba nako hakukai sawa: vurugu ikiingia wiki hii, huwa inaendelea wiki ijayo, na utulivu nao ukiingia hukaa. Kupima hilo kwa bei moja moja si kazi ngeni. Kazi ni kupima zinavyoyumba pamoja. Siku za amani hisa zikishuka hati fungani hazina habari. Siku ya hofu kila mtu anauza kila kitu, na zote nne zinateremka zimeshikana mikono. Modeli ya zamani ilichukulia kwamba undugu wao haubadiliki. Yangu iliupima undugu huo upya kila siku. Miaka miwili nimeilea, Dada. Ulikuwa ukinipigia simu kuniuliza lini nitaolewa nami nakujibu bado naolewa na hesabu, unakumbuka?

Shemeji alikuwa mkuu wa idara yangu. Unajua ofisini tunamwitaje? Rula. Anatembea na rula ya chuma mfuko wa koti, akiona mchoro wowote anaulazia rula kuona kama umenyooka. Ijumaa moja akaja mezani akasema, "Shemeji, nipe nakala nikakusemee kwa bodi." Nikampa nafasi kwenye kiti changu achukue mwenyewe. Jumatatu modeli ikafika kwa bodi, jina langu halikuwemo. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya uhamisho, na sahihi ilikuwa yake.

Kuna kitu kimoja alikichukua vibaya. Sikisemi. Bei zikianza kushikana mikono atakitafuta kwa tochi, na mimi nitakuwa hapa nagonga muhuri.

Huna haja ya kuniamini. Muulize tu nilikosea hesabu ipi.

Mdogo wako, asiyenuna.


15 Juni

Kitinda,

Hujambo. Usiniulize kwa nini nimenyamaza tangu Machi. Mama hajambo, amepata fimbo mpya na anaitumia zaidi kunyooshea watu kuliko kutembelea.

Nilimuuliza. Nilimuuliza tu, kwa upole, tunakunywa chai: mdogo wangu alikosea hesabu ipi? Akaanza kutafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni. Akasema ni mambo marefu. Nikamwachia. Lakini tangu siku hiyo nikawa namtazama, na mtu ukishaanza kumtazama huwezi kuacha.

Bila shaka unasoma magazeti. Tangu mwezi uliopita hisa za mabenki zinaporomoka, za viwanda zinafuata, na wiki hii nasikia hata hati fungani za serikali hazina mnunuzi. Meza yangu ya kulia imejaa michoro. Mwanamume analaza rula juu ya karatasi, anainua, analaza tena. Anasema mstari wa hatari ungepaswa kupanda, na unapanda kweli, lakini siku mbili tatu unarudi chini na kulala. Modeli inamwambia hakuna neno, nunueni. Nao wananunua, kwa sababu bei zimeshuka na modeli imesema.

Aliniomba nikuulize, nijifanye nimelisoma gazetini. Nami sijifanyi. Nilimwambia, "Si wewe uliyeibuni?" Akanijibu nibaki na vidonge vyangu, haya ni ya wataalamu. Mimi! Nimesomea dawa miaka mitano, yeye akikohoa ananiuliza mimi ameze nini, leo nibaki na vidonge.

Jambo jingine. Pensheni ya Mama inatoka Mfuko huohuo. Hilo umelifikiria?

Nijibu upesi, na nijibu mimi.

Dada.


22 Juni

Dada,

Shikamoo, shikamoo tena! Leo nimemnunulia mhudumu soda bila sababu. Akaniuliza nimepandishwa cheo? Nikamwambia kuna mtu ameanza kushuka.

Nimefurahi, na sitaki kukuficha. Kila asubuhi nafungua gazeti ukurasa wa bei kabla ya kuosha uso. Wenzangu wanasikitika. Mimi nahesabu ngazi anazoteremka Rula.

Sasa nakwambia, na nakwambia wewe tu. Mwezi mmoja kabla ya ile Ijumaa alikuja na rula yake akailaza juu ya mchoro wangu. Unaukumbuka mwaka ule mabenki mawili yalipofungwa wiki moja, watu wakalala nje ya milango? Kwenye mchoro mwaka ule unasimama kama ukuta. Akasema, "Huu mwaka unaharibu picha. Bodi itaogopa. Uondoe." Nikamtengenezea nakala ya maonyesho, yenye miaka ya amani peke yake, mstari umelala vizuri kama shuka la hoteli. Modeli kamili nikabaki nayo. Alipokuja kuchukua, akafungua zote mbili, akaangalia, akachukua ile yenye picha nzuri. Dada, aliiba kwa macho!

Modeli ya aina hii ina mahali inaporudi baada ya kila mtikisiko, ule wastani wake wa siku nyingi. Inaujifunza kwa miaka unayoilisha. Yake imelelewa na amani tupu. Ikiona bei zimeshikana mikono inashtuka, kisha inakumbuka utoto wake, inajituliza. Ndiyo maana mstari unalala. Kuirekebisha ni kazi ya nusu siku, unaurudisha ule mwaka na kuiacha ijifunze upya.

Siku ya uhamisho niliingia ofisini kwake kurudisha funguo, nikaiona modeli kwenye skrini. Nikajua ni nakala ipi. Nikafunga mlango polepole nikaondoka.

Masharti yangu ni haya. Asimame mbele ya bodi aseme kwa mdomo wake: modeli hii si yangu, ni ya shemeji yangu, nami niliiharibu. Akisema, nitapanda basi siku hiyohiyo. Asiposema, izame naye. Ukimpa jibu langu bure akajiokoe, nitajua umemchagua yeye, na hizi barua zitaishia hapa.

Kuhusu Mama, nimelifikiria.

Mdogo wako.


30 Julai

Kitinda,

Hujambo. Kaa chini ndipo usome.

Barua yako niliiweka kwenye kabati la dawa kali, lenye ufunguo, kwa sababu ndipo inapostahili. Siku ya kwanza nilikukasirikia wewe. Ya pili nikamkasirikia yeye. Ya tatu nikamfikishia masharti yako bila jibu, nikampa nafasi kama mume wangu. Nikamwambia, "Sema tu kwamba si yako, atakuja akusaidie." Akacheka. Akasema, "Mdogo wako amepata kiburi cha muhuri." Wiki tatu baadaye akaniambia nipike vizuri, Jumapili mwenyekiti wa bodi atakuja kula mchana, anataka kumtuliza.

Nikapika, Kitinda. Nilipika kama naoza binti.

Mwenyekiti ni jaji mstaafu, mama mmoja mfupi, anakula polepole na hasahau neno. Alikuja na mhasibu mkuu. Mama naye alikaa mezani na fimbo yake. Tulipofika kwenye matunda, jaji akafuta mikono akasema, "Haya, nieleze kama mtu asiyejua. Kila kitu kinashuka, mstari wenu unasema tumetulia. Nimwamini nani?"

Mume wangu akajiegemeza. "Mheshimiwa, modeli inaona mbali kuliko sisi. Hili ni vumbi, litatua."

Nikaweka jagi la maji mezani. Nikasema, "Ule mwaka mbaya umo?"

"Mwaka upi?"

"Ule mabenki yalipofungwa. Umo ndani ya modeli yako, au uliutoa kwa sababu ulikuwa unaharibu picha?"

Mama akanyanyua kichwa. "Nani katolewa?"

"Mwaka, Mama."

"Khaa! Mwaka nao unatolewa?"

Mume wangu akacheka, akamgeukia jaji. "Msamehe mke wangu, duka likifungwa huwa anatafuta wagonjwa nyumbani." Mhasibu akacheka kidogo. Jaji hakucheka. Akauliza, "Lakini umo?"

"Umo, Mheshimiwa. Miaka yote imo."

"Vizuri. Kesho asubuhi utatufungulia tuuone." Kisha akanigeukia mimi. "Na swali hilo, mwanangu, nani amekupa?"

Nikamjibu, "Aliyeitengeneza. Yuko tawini, juu ya duka la matairi, anagonga muhuri. Huyu hapa ni shemeji yake tu."

Mume wangu alikuwa ameitoa rula mfukoni, anaigeuzageuza juu ya kitambaa cha meza. Wageni wakaondoka. Alinifuata jikoni nikiosha vyombo. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nguo zenyewe zilikuwa za mdogo wangu," nikamwambia, nikaendelea kuosha.

Unajua alichonifanyia? Mwaka mzima alinifanya nikuone wewe mzembe na mwongo. Nilikuandikia zile kejeli za feni na karanga kwa mkono wangu, lakini maneno yalikuwa yake. Hilo sijamsamehe, na sitaki mtu anishauri kusamehe. Nimemfungia nguo zake kwenye mabegi mawili, nikamwekea na dawa ya kikohozi, maana siku hizi anakohoa. Mimi si mnyama.

Jumatatu waliifungua. Mwaka haukuwemo.

Dada yako.


20 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo mara mia! Mwambie Mama narudi nyumbani.

Jaji alinipigia mwenyewe. Hakuniuliza habari za shemeji hata kidogo, aliuliza tu kama nakala kamili ninayo. Nikapanda basi, nikakaa makao makuu siku mbili, mwaka ule nikaurudisha. Mstari ukapanda, Dada, ukapanda mbele ya bodi nzima mpaka mhasibu mkuu akavua miwani. Wakaacha kununua siku hiyo. Sasa idara ni yangu, jina langu limerudi juu ya kazi yangu, na jarida lijalo watapiga picha nyingine.

Lakini kilichoniponya si hayo. Nilirudi huku tawini kukabidhi kiti, na unajua nani kaletwa kukipokea? Alisimama mlangoni na mabegi mawili. Bado anakohoa. Nikamwambia, "Karibu, shemeji," nikamwonyesha kila kitu kwa adabu: fomu hukaa huku, wino huku, feni ikiwashwa weka jiwe kwanza. Nikamwachia ile picha yake ukutani, usawa wa macho. Akaitazama muda mrefu. Akakaa kwenye kiti, akachukua muhuri, akagonga fomu ya kwanza juu chini.

Ndipo akaniuliza, taratibu, "Shemeji, si ungenieleza tu? Ningeurudisha ule mwaka."

Nikamjibu, "Ndiyo sababu sikukueleza."

Nimetoka hapo nimeshuka ngazi naimba. Muuzaji wa matairi kaniuliza kama hatimaye nimenunua gari. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa kwako, niwekee kitanda changu cha zamani. Tutacheka mpaka majirani wagonge ukuta.

Mdogo wako, mshindi.


27 Agosti

Kitinda,

Hujambo. Barua yako imefika, nami naijibu kwa mkono wa dereva wa basi la asubuhi ili ikukute kabla hujasafiri.

Hongera. Hongera ya kweli, ulistahili, na nilisoma ile ya muhuri juu chini nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akaondoka. Kwa hilo sina majuto. Chumba alichokuwa akifanyia kazi nimeweka maboksi ya dripu.

Leo Mama amepata barua ya Mfuko. Walichokinunua miezi miwili ile hakiuziki. Pensheni zote zinapunguzwa kwa theluthi, hawajui mpaka lini. Mama alinipa nimsomee, nikamsomea. Akauliza, "Kwani hawakujua?" Nikamwambia hawakujua. Akasema basi, kama hawakujua tufanyeje, akaniomba nimpunguzie dawa za magoti, anunue nusu. Anazipata dukani kwangu bure tangu azianze, lakini leo kasahau.

Nimezitoa barua zako zote kabatini nikazisoma kwa mpangilio. Ulijua siku ya uhamisho, ulipofunga mlango polepole. Ulijua ulipoandika Februari. Nilikuuliza kuhusu Mama, ukaniandikia maneno matatu. Na mimi ulipokwisha kuniambia nilikaa na jibu mwezi mzima nikipanga chakula cha mchana, kwa hiyo usidhani najiweka pembeni.

Yeye alinidanganya, nikamfungia mabegi. Wewe ulininyamazia, na wewe sina begi la kukufungia. Kitanda chako nimekitandika. Njoo Jumamosi, ule, upumzike, kisha utakaa karibu na Mama, umweleze mwenyewe ule mwaka ulitolewaje na nani alikuwa anajua. Taratibu, maana atauliza maswali.

Mimi nitakuwa mezani, nasikiliza.

Dada yako.